Jinsi ya Kulinganisha Bei ya Kamera ya Arusha na ya Ng'ambo

Mpiga picha anayeona kamera ikiuzwa dola 1,000 New York, kisha akaikuta katika duka lililo karibu na Mnara wa Saa hapa Arusha kwa bei inayozidi hiyo kwa robo, huwa mwepesi wa kumwita mwenye duka mlanguzi. Kabla hujatamka hivyo, chukua kalamu upige hesabu, kwa sababu bei hizo mbili hazijabeba mzigo mmoja.

Anza kwa kuiondoa kodi iliyomo ndani ya bei. Marekani, bei inayobandikwa huwa haijajumuisha kodi ya mauzo, ambayo kila jimbo hujipangia na Oregon haitozi kabisa. Uingereza, bei hiyo tayari ina VAT ya asilimia 20, na Ujerumani asilimia 19. Kwa hiyo kamera ya pauni 1,200 jijini London igawe kwa 1.2, upate pauni 1,000. Wengi hukosea hapa kwa kutoa asilimia 20 ya 1,200, wakapata 960. Tena, tangu 2021 msafiri anayenunua bidhaa London na kuondoka nayo begini harudishiwi VAT, hivyo ndugu anayekuja likizo na kamera yako ameilipa kodi hiyo yote.

Kisha jumlisha gharama za kuifikisha. Tuseme kamera ile ya dola 1,000 imesafirishwa kwa dola 60. Hata ukiiwekea VAT ya Tanzania Bara, asilimia 18, juu ya bei ya kamera peke yake, hiyo ni dola 180, na jumla imefika dola 1,240 kabla ya ushuru wowote wa forodha, ujira wa wakala na faida ya muuzaji. Ile robo uliyomlaumu nayo mwenye duka imekwisha kuonekana. Unapobadili kuwa shilingi, tumia kiwango ambacho benki yako inauzia dola, si kile cha kununulia.

Linalobaki ni waranti, na hili naliwekea uzito kuliko yote. Niliwahi kuletewa kamera kutoka nje. Shata ikagoma katikati ya harusi mjini Moshi, na nilipowaandikia wahusika wakanijibu kwamba waranti inatambuliwa katika nchi ilikouzwa tu. Matengenezo yalimeza akiba yote niliyodhani nimeipata. Vilevile, baadhi ya kamera za Sony zilizokusudiwa soko la Japani zina menyu ya Kijapani pekee, kwa hiyo bei ya chini isikufanye usahau kuiwasha na kutafuta sehemu ya lugha.

Dukani, igeuze kamera usome namba iliyo chini yake, uilinganishe na namba ya kwenye boksi na kadi ya waranti, uulize waranti hiyo inatambuliwa nchi gani, na udai risiti ya EFD kabla hujaondoka kaunta.