Mwanafunzi wa udaktari wa mifugo aanzie zizini

Nilihitimu bila kumgusa ng'ombe mwenye ndigana kali, ugonjwa unaoenezwa na kupe. Wa kwanza alinifia mikononi, na mama aliyemfuga alikuwa na huyo mmoja tu. Ndiyo maana wanafunzi wangu nawaingiza zizini mwaka wa kwanza, wasisubiri wa tano.

Mpe mwanafunzi kipimajoto na ng'ombe mmoja. Apime joto, kisha apapase tezi iliyo chini ya sikio, maana kupe huuma masikioni. Ikiwa imevimba na joto limepita nyuzi 40, afyonze majimaji ya tezi kwa sindano, ayapake kwenye kioo, atie rangi ya Giemsa inayofanya vimelea vionekane, aangalie kwa hadubini. Usimtajie jibu! Mwishowe amweleze mfugaji ugonjwa na gharama ya dawa, kwa Kiswahili cha kawaida. Hapo wengi hukwama, nasi hurudia kesho yake.