Kufunga moteri ya pistoni ku ndeke ya kujijengea, na kuipima kama inakataa

Bandugu, nianze na ile siku, njo mutaelewa kwa nini naandika. Ilikuwa mwezi wa kumi, ile joto ya Lubumbashi munaijua, ndeke tumeifunga mukia ku gari, magurudumu tumeyatia mawe, tunapima moteri kabla ya kuruka hata mara moja. Inawaka muzuri, tunatia gazi yote, inaimba dakika ine hivi, kisha inakohoa na inazima. Unangoja kidogo, inawaka tena sawa hakuna kintu. Tulifungua karburateri mara tatu kwa siku mbili. Siku ya tatu kijana mwenye anatusaidia akafungua kifuniko ya tanki palepale moteri ilipozima, tukasikia fyuuuu, tanki inavuta pumzi. Nyigu wa udongo walishajenga nyumba mu ile katiyo kadogo ka kuingizia hewa mu tanki, tundu yote imezibwa na udongo mwekundu mugumu sawa simenti. Esanse inatoka, hewa haiingii, mwisho esanse yenyewe inakataa kushuka.

Moteri haikuwa na kosa hata moja. Ni siye tuliacha ile tiyo wazi, bila kajavu, wiki tatu mu hanga. Ukinijua hutashangaa kwamba tangu pale nikiitwa juu ya moteri inakataa, pistoni na karburateri nazigusa mwisho, naanza na vyenye mwenye ndeke alifunga kwa mikono yake. Mu 2012 NTSB, wale wa Marekani wenye wanachunguza ajali, walitoa utafiti juu ya ndeke za kujijengea, na moteri kufeli ilikuwa mu sababu mbili za kwanza kabisa, ile ingine ni rubani kupoteza ndeke mukononi.

Sasa kufunga. Moteri inakaa ku fremu yake na silambloke za mpira, na hapo mpira unakata umeme, hii watu wanaisahau sana. Demareri, ile inazungusha moteri ili iwake, inataka amperi mingi na ile umeme lazima irudi ku batri, kama hukuweka waya munene ya masi kutoka ku moteri hadi ku fremu au ku batri yenyewe, itajitafutia njia ingine, na njia ingine ni kebo ya gazi au kebo ya hewa. Niliona kebo moja ya gazi yenye ilipita umeme hivyo: plastiki ya nje imeyeyuka na kushikana na waya ya ndani, ukivuta haisogei. Waza hiyo inakupata uko juu. Kwa hiyo waya ya masi kwanza, uparue rangi mpaka chuma ing'ae, ukaze, kisha ndio uguse demareri.

Bulo zote kaza na kle yenye kupima nguvu, kwa namba za kitabu cha moteri yako, si kwa kusikia mukono, hata kama wewe ni makanika wa miaka makumi mawili. Zile nati zenye nailoni ndani usiziweke upande wa moteri, joto inalegeza nailoni, tumia za chuma tupu ao funga na waya. Tiyo za esanse zipite mbali na eshapma, ile tiyo ya kutolea moshi, na zivalishwe ile soksi ya kuzuia moto. Tiyo yenye inapakana na eshapma inachemsha esanse ndani, inakuwa mvuke, pompi inapiga mvuke tu, na utasema karburateri ni mubaya.

Kisha kuna kipimo kimoja chenye nakuomba usikiruke hata kama una haraka namna gani. Inua pua ya ndeke mpaka ikae sawa inapanda, hata zaidi kidogo, toa tiyo pale inaingia ku karburateri, acha esanse itiririke mu bidoni yenye alama, na saa mukononi. Kama esanse inashuka yenyewe kwa uzito, lazima ipite mara moja na nusu ya ile moteri inakula kwa gazi yote, kama kuna pompi basi 125 kwa 100. Tuseme moteri yako inakula lita 24 kwa saa: bila pompi unataka lita 36, ni kusema desilita 6 kila dakika, na pompi lita 30, desilita 5 kwa dakika. Fanya na esanse kidogo mu tanki, sababu tanki ikijaa uzito wake unakudanganya. Fanyia mbali na moto na simu, na masi ifungwe kati ya bidoni na ndeke.

Juu ya esanse yenyewe, ile ya bakadhafi, wale wauzaji wa esanse wa barabarani, hapana, hata kama stasyo zote zimekauka, hujui ilikaa mu bidoni ya nini. Hata ya stasyo pima kama ina alkoli: chupa nyembamba, maji kidogo chini, chora alama, ongeza esanse, tikisa, acha itulie. Kama maji "yamepanda" kupita alama, ile ni alkoli imejiunga nayo, na tiyo za mpira za zamani haziipendi.

Tukumbuke pia fasi tuko. Luano, uwanja wa ndeke wa Lubumbashi, iko karibu metre 1 300 juu ya bahari, moteri isiyo na turbo imeshapoteza kama 13 kwa 100 ya nguvu mbele hujahesabu joto ya mwezi wa kumi. Basi usianze kufungua moteri juu haifikishi nguvu za kitabu, kitabu kinahesabu ngazi ya bahari. Na hewa ikiwa nyepesi esanse inazidi, bugi, zile za kutoa cheche mu silinda, zinatoka nyeusi na kavu sawa makaa, hapo ni kupunguza esanse tu. Wakati wa mvua ni tofauti, asubuhi yenye digri 20 na unyevu mingi karburateri inaweza kushika barafu ndani, ndiyo, barafu, hapa kwetu. Mapigo (mizunguko ya moteri kwa dakika) yanashuka polepole bila kelele. Vuta hewa ya moto iingie ku karburateri: mapigo itashuka kidogo zaidi, itakohoa, kisha itapanda, na hiyo njo jibu yako.

Kuwasha mara ya kwanza: toa bugi za juu, zungusha na demareri mpaka presyo ya mafuta ionekane, kisha rudisha bugi. Ikiwaka na presyo haiji mu segonde 30, zima, usingoje. Na moteri yenye silinda mupya usiiache inguruma chini saa nzima, haipoi muzuri na segma, zile pete za pistoni, hazikai.

Manyeto sasa, zile mbili zenye zinapatia bugi umeme. Kwa moteri za Lycoming tunapima karibu mapigo 1 700, unazima moja moja. Kushuka kusizidi 175, na tofauti kati ya mbili isizidi 50. Wengi wanafurahi wakiona haishuki kabisa, kumbe hiyo njo mubaya: waya ya kuzimia imekatika, ile manyeto haizimi hata ufunguo ukiwa mufukoni, mutu akigusa elise, ile panga ya mbele yenye inazunguka, moteri inaweza kupiga na kumukata mukono. Kila siku elise muishike sawa iko na moto.

Kama upande moja unashuka sana na moteri inatetemeka, washa ikiwa baridi, weka ile manyeto mubaya peke yake, acha dakika moja, zima, kisha tone la maji ku kila tiyo ya eshapma karibu na silinda. Tatu zitasema tssss, moja maji yatateremka tu. Ile baridi njo silinda yako. Badilisha bugi yake na ya jirani, shida ikihama ni bugi, ikibaki ni waya ao manyeto. Bugi ikianguka chini tupa, hata kama haionekani kupasuka.

Bugi na waya zikiwa sawa, pima kompresyo na hewa ya 80 psi (kipimo cha presyo), moteri ya moto, na mutu wa nguvu anashika elise. Silinda ikishika chini ya 60 tega sikio: pumzi ikitoka ku eshapma ni supapi ya kutolea, ku karburateri ni ya kuingizia, ku tiyo ya pumzi ya karteri (tumbo ya moteri) ni segma. Silinda moja tu yenye supapi inavuja haikulazimishi kufungua moteri yote.

Kisha ya saa ya kwanza toa kapo yote, kile kifuniko cha moteri, chukua torshi, pitisha mukono ku kila tiyo, tafuta fasi chuma inang'ara juu ya kusugua ao mafuta yenye vumbi imeshikana nayo, kata filtre ya mafuta ya moteri uone kama kuna chuma ndani, chungulia ile tiyo ya pumzi ya tanki kama nyigu hawajarudi, na andika yote mu kaye pamoja na tarehe na saa za moteri.