Namna ya Kumwandaa Mtaalamu wa Afya Kutoka Jamii za Wasandawe na Wahadzabe

Kijiji kinachotaka kumwona kijana wake akiwa muuguzi au afisa tabibu, iwe ni kwa Wasandawe wa Wilaya ya Chemba au kwa Wahadzabe wa kandokando ya Ziwa Eyasi, kianze kazi hiyo mwanafunzi angali kidato cha 2. Vyuo vya stashahada ya afya huangalia ufaulu wa Kemia, Biolojia na Fizikia katika mtihani wa kidato cha 4, na aliyeiacha Fizikia mapema hupoteza nafasi ambayo hakujua kuwa anayo. Mkuu wa shule na serikali ya kijiji wawatambue wanafunzi wawili au watatu wenye nia, wawatafutie masomo ya ziada wakati wa likizo na bweni lililo karibu, kwa kuwa ada ya sekondari za serikali ilifutwa lakini umbali na chakula bado ni mzigo. Sipendekezi kushusha alama za kujiunga: mgonjwa wa Kwa Mtoro, huko Chemba, anastahili mtaalamu aliyefuzu sawasawa na wa Dodoma mjini.

Cheti cha kuzaliwa kishughulikiwe mapema RITA, wakala wa serikali unaosajili vizazi, hasa kwa waliozaliwa nyumbani, maana bila hicho maombi ya mkopo wa masomo hukwama.

Jambo linalosahauliwa zaidi ni lugha. Kisandawe na Kihadzabe, zenye sauti za vidoko (milio ya kugongesha ulimi kinywani), si lugha za Kibantu. Mwanafunzi husomeshwa ugonjwa kwa Kiingereza, huandaliwa kumhoji mgonjwa kwa Kiswahili, kisha hukutana na bibi anayeyajua maumivu yake kwa lugha ya nyumbani tu. Kwa hiyo, kila likizo akae na wazee na wakunga wa jadi, awaulize wanavyotofautisha kichomi na maumivu ya kifua ya kawaida, au damu ya uzazi iliyo salama na ile ya hatari, na ayaandike maneno hayo katika daftari. Kisha afanye mahojiano kamili ya mgonjwa kwa lugha hiyo, mzee mmoja akimsahihisha maneno na mganga mfawidhi wa zahanati akimsahihisha utaratibu.

Mganga mfawidhi huyohuyo akiandikie chuo kuomba mwanafunzi afanyie mafunzo kwa vitendo karibu na kwao, na tangu mwaka wa kwanza amkalishe kliniki ya mama na mtoto, mahali ambapo akina mama watamzoea kabla hajavaa sare.