Ekzosi: chungulia ndani kabla ya kulipa

Ukienda kununua ekzosi (bomba la moshi la gari) ya stenlesi, yaani chuma kisichoshika kutu kirahisi, Gerezani jijini Dar es Salaam, usiishie kwenye mng'aro wa nje. Washa tochi ya simu, uchungulie maungio kwa ndani. Fundi makini hupitisha gesi ya argoni ndani ya bomba anapochomelea ili hewa isiguse chuma cha moto, hivyo mshono hutoka laini pande zote mbili. Ukiona chembechembe nyeusi kama sukari iliyoungua, achana nayo hata iwe bei ya kutupa: nyufa na kutu huanzia hapo, na kwa upepo wa chumvi wa Kigamboni zitawahi. Mshono safi ndio wa kuongezea pesa, si ncha pana. Ila ndani ya sailensa huoni kitu, na bomba la chuma cha kawaida kwa kawaida huchomelewa bila gesi hiyo kwa ndani. Kwa bomba hilo, pima unene wa chuma.