Shuanggou: kunakili maandishi ya Kichina kwa kuchora kingo

Katika shuanggou unachora kingo za kila mpigo wa brashi kwa mstari mwembamba, kisha unajaza wino ndani. Wanakili wa enzi ya Tang walizihifadhi hivyo kazi za Wang Xizhi, bingwa wa kaligrafia wa karne ya 4. Nakala ya Lanting Xu, dibaji yake maarufu, inayohusishwa na Feng Chengsu, iliyoko Makumbusho ya Kasri huko Beijing, ni mojawapo.

Karatasi ndiyo huwaponza wengi. Xuan, karatasi ya Kichina ya kuandikia kwa brashi, ikiwa mbichi (haijatiwa gundi) hunywa wino na mstari hutanuka papo hapo. Chukua xuan nyembamba iliyotiwa gundi na shabu. Iweke juu ya maandishi asilia kwenye meza yenye taa chini, uikandamize kwa vizito pembe zote, maana ikisogea hata kidogo huirudishi mahali pake. Brashi iwe nyembamba, ya manyoya magumu. Chovya ncha tu kwenye wino mwepesi wa kijivu, uipanguse ukingoni mwa jiwe la wino hadi ichongoke.

Mstari ukae ndani ya ukingo, upande wake wa nje ukiugusa tu. Mpigo wa milimita 2 ukizidi robo milimita kila upande unafika milimita 2.5, na herufi nzima inanenepa. Katika mpigo wa mlalo wa kaishu, mtindo wa herufi za kawaida zilizonyooka, angalia pembe ya kuingilia, kiuno cha katikati na bega la kumalizia. Mkono ukikimbia, pembe hizo huviringika na uhai wote umekwisha. Mipigo inapokatana, simamisha mstari, ruka, endelea upande wa pili.

Kabla ya kujaza, zima taa usome kingo peke yake: kasoro huonekana sasa. Jaza kwa wino mzito, kuanzia katikati kwenda kingoni, tabaka mbili nyepesi. Wino ukituama, huvuja nje ya mstari.

Palipo na feibai, yaani brashi ya mwandishi ilipokauka ikaacha michirizi myeupe, usijaze. Chora unywele mmoja mmoja. Ni kazi ya kuchosha, lakini hakuna njia ya mkato. Katika Wansui Tongtian Tie, mkusanyo wa nakala za maandishi ya ukoo wa Wang wa mwaka 697, wanakili walichora hata kingo za karatasi zilizochakaa.

Bakiza nakala moja yenye kingo tu, bila kuijaza. Andika ndani yake kwa brashi ya kawaida, mpigo mmoja kwa mkupuo; utakapotoka nje ya mstari ndipo pa kurudia.