Kuendesha klabu ya wapiga picha wa ridhaa: somo kutoka Jinja na maswali ya wanachama

Klabu nyingi za picha hapa Uganda huanza vizuri sana. Watu kumi na tano wanakutana, wanachagua mwenyekiti, wanafungua kundi la WhatsApp, wanapiga picha ya pamoja pale kwenye chanzo cha Mto Nile. Baada ya miezi michache kundi limebaki la salamu za Jumapili na matangazo ya lenzi zinazouzwa. Wengi husema ni uhaba wa kamera. Mimi naona hawakuwahi kuketi pamoja wakatazama picha ya mwenzao kwa dakika tano mfululizo. Kutazama picha pamoja, tena picha zilizosafishwa zikawa karatasi mkononi, ndiyo kazi yenyewe ya klabu. Safari, mafunzo na maonyesho vinaota kutoka hapo, na somo hili nimelipanga kwa mtazamo huo.

Hatua ya kwanza: watu na siku

Watu sita wanatosha kuanza. Msimuulize mtu ana kamera gani. Muulizeni kama atafika kila mwezi. Chagueni siku moja isiyobadilika, kwa mfano Jumamosi ya kwanza, kuanzia saa nane mchana hadi saa kumi na moja. Saa hizo nazipenda kwa sababu mbili. Jua la saa nane ni kali kiasi kwamba hakuna mpiga picha anayelililia, na mkimaliza saa kumi na moja mnatoka nje mwanga ukianza kulainika, kila mtu akiwa bado na muda wa kurudi nyumbani kabla ya giza.

Mahali pawe na meza ndefu na madirisha: darasa la shule, ukumbi wa parokia, chumba cha msikiti. Hotelini mtalipia soda kuliko picha.

Hatua ya pili: barua na fedha

Andikeni katiba ya kurasa mbili. Mpelekeeni mwenyekiti wa LC1, yaani baraza la kijiji au mtaa, kisha ofisa wa maendeleo ya jamii, awaeleze utaratibu wa kuandikisha kikundi. Msione ni urasimu wa bure. Siku mtakapotembea barabarani watu wanne mkiwa na kamera shingoni, karatasi yenye muhuri itawaokoa na maswali mengi.

Ada iwe ndogo na ilipwe kila mwezi. Fedha zisikae kwenye laini ya simu ya mtu mmoja, hata awe mwaminifu vipi. Simu hupotea, na mwenye simu huhama mji. Fungueni akaunti ya kikundi yenye watia saini watatu, na mweka hazina asome daftari kwa sauti kila mkutano. Sehemu kubwa ya ada iende kwenye kusafisha picha.

Hatua ya tatu: mkutano wa kutazama

Hapa sitakimbia, maana hapa ndipo klabu inapopona au kufa.

Kila mwanachama anachagua picha tatu tu za mwezi ule. Tatu, si thelathini zilizo kwenye simu. Kule kuchagua ni nusu ya mafunzo: mtu analazimika kuacha picha nzuri ili abaki na iliyo nzuri zaidi. Katibu anazipeleka studio kwa pamoja, zote saizi moja, sentimita 10 kwa 15, ili wa kamera kubwa na wa simu wakae sawa mezani. Majina yaandikwe nyuma.

Picha zikiwekwa mezani, watu wazunguke kimya kwanza. Halafu mwendeshaji anachukua moja na kuuliza: mnaona nini? Si "mnaipenda?" Mtu aseme jicho lake lilifikia wapi kwanza, likaenda wapi, likakwama wapi. "Nimeona mkono wa mama anayeanika mukene (dagaa), halafu ile karatasi nyeupe pembeni ikanivuta nje." Maneno ya namna hiyo yanamsaidia mpiga picha. "Picha kali!" haimsaidii, wala "haina ubora". Mwenye picha anyamaze mpaka wote wamalize. Hii ni ngumu kwetu, kwa sababu tumezoea kumtetea mtoto wetu. Lakini akianza kueleza alichokusudia, wenzake wataanza kuitazama nia yake badala ya karatasi. Mwishoni ndipo anapewa nafasi aseme alitaka nini, na wote watafute pamoja njia ya kufika huko: kusogea hatua mbili kushoto, kupiga magoti, kusubiri yule wa bodaboda apite.

Wazee na wenye vyeo wasemwe picha zao kama wengine. Ili heshima isivunjike, anzeni na majina yakiwa yamefichwa, na mdogo kuliko wote aongee wa kwanza. Akiongea wa mwisho atarudia tu alichosema mkubwa.

Hatua ya nne: kujifunza mwanga wa hapa

Mafunzo mengi ya mtandaoni yametoka nchi ambazo jua linatua kwa mshazari na rangi ya dhahabu inadumu jioni nzima. Sisi tuko karibu kabisa na Ikweta. Jua letu linashuka wima. Jinja linatua kati ya saa kumi na mbili na nusu na saa moja hivi mwaka mzima, na ule mwanga laini kabisa haufiki hata nusu saa. Kwa hiyo fikeni mapema, mchague mahali, mtulie. Anayetafuta mahali pa kusimama jua likiwa limeshagusa upeo amechelewa.

Mchana jua hufika juu kabisa karibu na saa saba kasoro robo, na mwezi Machi na Septemba linakuwa karibu utosini: macho yanageuka mashimo meusi, kofia inafunika uso. Msiwaambie wanachama waache kupiga mchana. Wapelekeni kwenye varanda za maduka ya zamani ya Main Street. Chini ya varanda kuna kivuli, huku barabara inayowaka jua ikirudisha mwanga usoni kwa upole. Mwambie mtu asimame hatua moja ndani ya kivuli, uso ukielekea barabarani. Hiyo ni studio ya bure.

Kisha fundisheni hili kabla ya jingine lolote: kamera haijui rangi ya ngozi. Kipimo chake kinachukulia kwamba kila kilicho mbele yake, kikichanganywa, ni kijivu cha wastani. Ukimweka mtu mweusi mbele ya ukuta mweupe au anga, kamera inaona weupe mwingi, inapunguza mwanga, na uso unapotea. Dawa ni kuongeza mwanga kwa hatua moja au zaidi kwenye fidia ya mwanga (alama ya +/- ya kamera), au kupimia mwanga usoni, au kubadilisha ukuta. Na kinyume chake: uso mweusi mbele ya pazia jeusi, kamera itaongeza mwanga kupita kiasi na ngozi itatoka ya majivu. Tumieni mkutano mzima kwa zoezi hili, kila mtu apige mwenzake mbele ya ukuta mweupe, wa matofali, na mlango wa giza. Sura zetu zinastahili kuonekana jinsi zilivyo.

Wenye kamera za kupanga kwa mkono wajifunze kanuni ya zamani ya jua kali: tundu la lenzi f/16, na kasi ya shata, yaani mlango unaoingiza mwanga, ilingane na ISO, yaani usikivu wa kamera kwa mwanga. ISO 100, shata 1/125 ya sekunde hivi. Ukifungua tundu hadi f/11 mwanga unazidi maradufu, basi kasi nayo ipande maradufu, 1/250. Mwanachama akiielewa hiyo, hatakuwa tena mtumwa wa alama ya Auto.

Hatua ya tano: matembezi

Watu wanne kwa kundi, si zaidi; kundi kubwa linatisha wananchi. Mwalo wa Masese asubuhi, mashamba ya miwa kuelekea Kakira, mitaa yenye nyumba za enzi za Wahindi ambazo mwaka wa kujengwa umeandikwa juu ukutani, upande wa mbele. Salimieni kwanza. Nunueni kitu kidogo. Mkipiga mtu picha, mrudishieni nakala ya karatasi mwezi unaofuata, na nasisitiza sana hili, maana ndilo linalowafanya watu wawaite wenyewe mara ya pili.

Hatua ya sita: kuhifadhi

Mwaka 2015, katika kabati la Shirika la Utangazaji la Uganda, UBC, zilikutwa negativu (filamu za picha) zipatazo 70,000 zilizopigwa na wapiga picha wa Wizara ya Habari, nyingi za miaka ya utawala wa Idi Amin. Nyingi hazikuwa zimewahi kutolewa kwenye karatasi zikaonekana. Mwaka 2019 baadhi zilionyeshwa kwenye Jumba la Makumbusho la Uganda, Kampala. Ziliweza kusomeka kwa sababu mtu fulani aliandika tarehe na tukio juu ya bahasha. Nanyi fanyeni hivyo. Jina la faili lianze na mwaka, mwezi, siku, kisha mahali, kisha jina la mpigaji. Nakala mbili kwenye diski mbili, kila moja nyumba tofauti. Nyuma ya kila karatasi andikeni kwa penseli nani yuko kwenye picha. Mji unabadilika upesi, na majina hupotea kabla ya sura.

Maswali ya wanachama

*Mwalimu, mimi nina simu tu, tena ya bei ya chini. Nikija si nitawarudisha wenzangu nyuma?*

Hapana, ndugu yangu, njoo. Futa lenzi kwa kitambaa safi kabla ya kila picha. Mafuta ya kidole ndiyo yanayoleta ule ukungu unaousingizia simu. Usivute picha kwa vidole, sogea kwa miguu. Bonyeza kioo na ushikilie ili mwanga usibadilike, kisha telezesha juu au chini upate uso vizuri. Ukimtumia katibu kwa WhatsApp, tuma kama dokumenti, kwa sababu ikitumwa kama picha inabanwa na haitasafishwa vizuri.

*Askari wametuzuia kupiga daraja jipya la Nile. Je, tuna haki gani?*

Madaraja, bwawa la Nalubaale, kambi na vituo vya polisi ni sehemu za ulinzi. Msipige kwa kujificha hata kidogo. Mwambieni, "Afande, tumeelewa," zimeni kamera, ondokeni. Mkitaka kweli, peleka barua kwa wahusika kabla. Droni ni hivyohivyo na zaidi: inahitaji kibali cha Mamlaka ya Usafiri wa Anga na idhini ya Wizara ya Ulinzi. Mwanachama asiye navyo asiirushe kwa jina la klabu.

*Sisi tuko Mbale. Mwaka wa Imbalu, sherehe ya tohara ya Wagisu, vijana wetu wanataka kupiga kila kitu. Tuwawekee mipaka?*

Ndiyo, na muiweke kabla ya Agosti, kwa maandishi. Ngoma za kadodi, kijana akicheza kwa jamaa zake, unga usoni, mama zake wakimsindikiza: hayo yamejaa uhai na familia hufurahi kuyahifadhi. Nendeni kwa baba na wazee wa ukoo kabla, si siku yenyewe. Tendo lenyewe la kukatwa lisipigwe kwa ajili ya kurushwa mtandaoni, hata kama umati mzima umeinua simu. Kumbukeni pia kwamba sheria ya kulinda taarifa binafsi ya mwaka 2019 inataka ridhaa, na kwa aliye chini ya miaka 18 ni ya mzazi au mlezi. Kama kijana mwenyewe hataki, basi, hata baba akikubali.

*Mbona akina dada wanakuja mara moja tu, hawarudi?*

Dada, nashukuru umeuliza waziwazi. Tazameni kwanza saa ya kumaliza, halafu nani anashika kamera na nani anawekwa mbele ya kamera. Mahali pengi dada akifika anageuzwa modo wa mazoezi. Wekeni sharti: kila zoezi la sura, watu wote wanabadilishana zamu, wanaume kwa wanawake. Mwendeshaji wa mkutano wa kutazama awe mwanamke angalau kila mwezi wa pili. Na matembezi ya alfajiri yawe na usafiri wa pamoja, gharama zikatoka kwenye ada.

*Lenzi yangu imeota kitu kama utando wa buibui ndani.*

Ni kuvu. Hewa ya ziwani ina unyevu mwingi, na begi la kamera lililofungwa kabatini ni shamba lake. Nunua boksi la plastiki linalofunga kabisa, weka vipakiti vya silika vinavyofyonza unyevu, vikaushe kila baada ya muda. Lenzi iliyokwisha kuota itenge na nyingine na umpelekee fundi mapema, kwani ikikaa hula mpako wa kioo na hapo hapasafishiki. Mvua za Machi hadi Mei na Septemba hadi Novemba, itoe nje uitumie kila wiki.

*Mwenzetu ameuza picha aliyoipiga kwenye matembezi ya klabu. Fedha ni za nani?*

Zake. Kwa sheria ya hakimiliki ya mwaka 2006, kazi ni ya aliyeiumba, na kwenda matembezi pamoja hakuigeuzi kuwa mali ya kikundi. Klabu ikitaka kuitumia kwenye maonyesho au kalenda, imwombe kwa maandishi: picha ipi, kwa muda gani, na jina lake likae chini yake. Lakini yule mvuvi aliye ndani ya picha naye aulizwe. Kama alikubali apigwe kwa ajili ya mazoezi, hakukubali tangazo la biashara. Mrudieni Masese, mwoneshe picha, mweleze nani ameinunua na itatumika wapi, mkubaliane anapata nini. Akikataa, mnunuzi apewe picha nyingine.