Somo: Tunza baketi, breka na kapla kabla hazijaharibu mkono wa mashine

Wakuu, habari za kazi. Injini ya eskaveta huwa tunaibembeleza: oili inabadilishwa kwa saa zake, filta haichelewi. Kinachofungwa mbele, iwe baketi, breka (nyundo ya haidroliki ya kuvunjia mawe) au kapla (kifungio kinachoshika kifaa kwenye mkono wa mashine), kinaonekana chuma tu, kitavumilia. Nimekaa karakana miaka mingi, na mikono ya mashine niliyoletewa ikiwa imetanuka matundu, karibu yote chanzo kilikuwa bushi, yaani kile kipande cha bomba kinachokaa kati ya pini na tundu, iliyoachwa mpaka ikaisha kabisa.

Shikeni hili kabla ya hatua yoyote. Kila kifaa kina sehemu iliyotengenezwa ili iishe, na sehemu inayolindwa nayo. Jino linaisha ili kishikio chake kipone. Bamba la kukatia linalinda mdomo wa baketi, bushi inalinda tundu la mkono. Kazi yetu ni kubadilisha ile ya kwanza kabla ya pili kuanza kuliwa.

Hatua ya 1: Osha, kisha kagua. Laza kifaa chini, zima mashine, toa presha ya haidroliki. Tope lililokauka linaficha nyufa. Fuata mistari ya kuchomelea, hasa pale masikio ya pini yanaposhikana na mgongo wa baketi. Ukiona rangi imepasuka na uzi mwembamba wa kutu unatoka hapo, huo ni ufa, usiupuuze.

Hatua ya 2: Grisi. Futa kwanza tundu la kupigia grisi, la sivyo unasukuma mchanga ndani kwa mkono wako mwenyewe. Piga mpaka grisi mpya itokeze pembeni na kuitoa ile chafu. Grisi hailainishi tu, inaziba njia ya mchanga pia. Pini nyingi za baketi zinataka grisi kila baada ya saa 8 hadi 10 za kazi. Kwenye maji na tope, mapema zaidi. Kitabu cha mashine yako kikisema tofauti, fuata kitabu.

Hatua ya 3: Meno. Ya pembeni huisha kabla ya ya kati, kwa hiyo yazungushe nafasi mapema. Jino likidondoka, simamisha kazi ufunge jingine, maana kishikio kilicho wazi kinasagika haraka na hicho kimechomelewa kwenye baketi. Unapogonga pini ya jino vaa miwani. Chuma kigumu hurusha vipande.

Hatua ya 4: Breka. Hapa ndipo pesa nyingi zinapotea, tusiharakishe.

Bonyeza tindo, yaani ile ncha ndefu ya chuma inayogonga mwamba, chini mpaka lizame lote ndani ya breka, ndipo upige grisi. Ukipiga likiwa linaning'inia, grisi inajaa kati ya tindo na pistoni. Pistoni ikishuka, grisi haina pa kwenda, na sili (mipira inayozuia oili kuvuja) ndizo zinazoumia. Tumia grisi maalumu ya tindo, yenye grafiti au shaba, kwa sababu ya kawaida inayeyuka kwa joto na kutiririka chini. Breka nyingi zinataka grisi kila baada ya saa 2 hivi. Ukiona shina la tindo limekauka na linang'aa, umeshachelewa.

Kwa opereta: usigonge sehemu moja zaidi ya nusu dakika. Ncha inapata moto, inalainika, inavimba kama uyoga. Jiwe likipasuka, achia pedali papo hapo, kwani kugonga hewa kunaumiza breka kuliko kugonga mwamba. Na tindo si mtaimbo, usilitumie kubenulia mawe.

Gesi inayojazwa ndani ya breka ni naitrojeni peke yake. Oksijeni ikikutana na oili kwenye presha inalipuka, na watu wanakufa.

Hatua ya 5: Kapla. Safisha udongo na mawe yanayozuia loki kuingia. Kila ukibadilisha kifaa, hakikisha kwa macho kwamba loki imeingia, kisha bonyeza baketi chini na uivute kidogo kabla ya kuinyanyua. Wakati huo asisimame mtu karibu.

Hatua ya 6: Mipira ya haidroliki. Usitafute tundu linalovuja kwa mkono, pitisha kipande cha boksi. Oili ya presha inatoboa ngozi, na jeraha dogo kama la sindano linaweza kukuondolea kidole. Likitokea, wahi hospitali hata kama huumwi.

MASWALI YA WANACHAMA

Swali: Mkuu, baketi inacheza kwenye pini. Nimeongeza washa (vile visahani vya chuma vya kujazia nafasi pembeni), inatosha?

Jibu: Inacheza kwenda wapi? Ikiwa ni kushoto na kulia, washa ni sahihi. Ikiwa ni juu na chini, bushi imeisha na washa haitasaidia kitu. Badilisha bushi, na upime pini pia. Pini iliyolika inaimaliza bushi mpya upesi.

Swali: Shikamoo fundi. Bado najifunza. Nimeambiwa nichomelee ufa wa baketi ikiwa kwenye mashine. Kuna ubaya?

Jibu: Marahaba, binti yangu. Ishushe ikiwezekana. Ikishindikana, fungua betri, na bana ya ethi (kibanio cha waya wa kurudisha umeme wa kuchomelea) iwe jirani kabisa na unapochomelea, ili umeme usipite kwenye pini, silinda wala beringi. Toboa mwisho wa ufa usiendelee, uchimbe mpaka chini, pasha chuma moto kwanza, tumia elektrodi kavu. Kuupaka juu tu ni kuuficha.

Swali: Breka yangu itakaa miezi 3 bila kazi. Niilaze?

Jibu: Isimamishe wima ikiwa una stendi. Ukiilaza, toa tindo, pistoni irudishwe ndani yote na ipakwe grisi, maana sehemu iliyobaki wazi ikishika kutu itachana sili siku ya kwanza ya kazi. Kwa breka yenye gesi nyuma, fundi mwenye vifaa aitoe gesi kwanza. Midomo ya mipira ifunike kwa vifuniko vyake. Matambara yanaacha nyuzi ndani.